Nani Anamlipa Mwalimu? Historia ya Sheria za Masomo Katika Inchi Yetu ya Kongo

Kila mwaka, mwezi wa tisa, kengele ya shule inapolia, wazazi wa Kongo wanauliza swali moja kabla ya kuuliza jina la mwalimu: «Mwaka huu minervali ni ngapi?» Sheria kubwa ya inchi, yaani Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili mwaka 2006, inasema katika kifungu cha 43 kwamba masomo ya msingi ni ya lazima, tena ni ya bure katika shule za Serikali. Sheria inasema bure. Mzazi anauliza ngapi. Kati ya neno la sheria na swali la mzazi mna historia ya miaka zaidi ya mia moja. Historia hiyo ndiyo tunayotaka kuieleza hapa kwa kifupi.

Nayo inatuhusu sana sisi waseminari. Padri anapotumwa parokiani, hapewi kanisa tu. Mara nyingi anakuta pembeni ya kanisa shule yenye direkta, walimu, komiti ya wazazi, paa linalovuja, na madeni. Watu watamletea karatasi atie sahihi. Wazazi watamletea malalamiko jioni. Asipojua sheria, atafanya kama walivyofanya waliomtangulia. Ikiwa hao walikosea, atakosea pamoja nao, na hatajua kwamba amekosea.

Msomaji atakayetufuata ataona kwamba chini ya kila sheria, toka mwaka 1906 mpaka leo, linalala swali lile lile: nani anamlipa mwalimu? Na kila mara sheria ilipotangazwa bila watu wa kuichunga, mzigo ulirudi mgongoni mwa mzazi.

I. Mkataba wa mwaka 1906

Mfalme Leopold II hakuwa na haraka ya kujenga shule. Mwaka 1890 alitoa amri ya kukusanya watoto yatima na watoto waliokombolewa utumwani katika makoloni ya watoto, kusudi walelewe chini ya ulinzi wa Serikali. Wengi wao walitengenezwa kuwa askari na wafanyakazi wake. Watoto wa vijiji walibaki kwa wamisionari.

Tarehe 26 mwezi wa tano mwaka 1906 Serikali hiyo ilifanya mkataba na Baba Mtakatifu. Monsenyeri Vico, balozi wa Papa kule Brussels, alitia sahihi kwa upande wa Kanisa. Serikali iliahidi kuzipa misioni za Katoliki udongo wa bure, toka hektari 100 mpaka 200 kwa kila misioni. Misioni nazo ziliahidi kujenga shule kadiri zilivyoweza, na kuwafundisha watoto kulima na kazi za mikono. Programu ya masomo ilipaswa kuonyeshwa kwa Guverneri Mkuu, na luga za Ubelgiji zilipaswa kuwa na nafasi ndani yake.

Tuangalie vizuri mkataba huo. Serikali ilitoa udongo, ikashika haki ya kuangalia programu. Lakini mshahara wa mwalimu haukuwamo. Mwalimu wa kijijini alikuwa katekista, na aliyemlipa kidogo alichopata ni misioni. Hivi shule ya Kongo ilizaliwa na baba wawili: mmoja anaamuru, mwingine analisha. Ugomvi wa nyuma wote umetoka hapo.

Haifai tusahau mema yaliyofanyika. Katika shule hizo na katika seminari zilizotoka ndani yake alisoma Stefano Kaoze, aliyepewa upadri huko Baudouinville mwaka 1917, wa kwanza kati ya Wakongo wa zamani zetu. Kwa miaka mingi seminari ilikuwa karibu njia moja tu ambayo kijana Mkongo aliweza kupita kufikia masomo ya juu. Joseph Kasa-Vubu, rais wa kwanza wa inchi, alisoma katika Seminari Kuu ya Kabwe. Lakini njia moja kwa inchi nzima ni njia nyembamba. Kijana asiyeitwa upadri, na msichana mwenye akili, wao wangepita wapi?

II. Feza ya Serikali yaingia shuleni

Nyuma ya vita vya kwanza, waziri wa Makoloni Louis Franck aliita komisioni mwaka 1922 ichunguze mambo ya masomo. Kazi hiyo iliendelea kwa mikataba ya mwaka 1925 na 1926, ambayo Édouard De Jonghe alishugulika nayo sana, ikamalizika katika kitabu kidogo cha mwaka 1929 chenye jalada la manjano. Toka wakati huo Serikali ilianza kutoa subsidi, yaani feza ya kusaidia shule, kwa kadiri ya kalasi na walimu waliokubaliwa. Inspekta wa Serikali alikuja kutazama, na pamoja naye padri misionari aliyepewa kazi ya inspekta kwa shule za misioni. Watoto walianza kusoma katika luga za inchi, na kwetu mashariki katika Kiswahili.

Mwaka huo huo, tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili, Papa Pius XI alitoa barua yake juu ya malezi ya vijana. Ndani yake alieleza haki ya jamaa, ya Kanisa na ya Serikali juu ya mtoto. Wamisionari wengi waliona kwamba subsidi ya Kongo inaendana na fundisho hilo.

Lakini subsidi hiyo ilikuwa na kilema. Ilikuwa ya «misioni za taifa» tu, yaani misioni za Kibelgiji, ambazo karibu zote zilikuwa za Katoliki. Mtoto wa Mprotestanti alilipa kodi ya baba yake kama mtoto wa Mkatoliki, lakini shule yake haikupata kitu. Hali hiyo iliendelea karibu miaka 20, mpaka waziri Robert Godding alipoamua mwaka 1946 kwamba Waprotestanti nao wapate subsidi. Neno hilo lilianza kutendeka mwaka 1948. Sisi Wakatoliki hatukulia sana wakati jirani alipokuwa amefungiwa mlango. Ni vizuri kulisema wazi.

Programu ya mwaka 1948 iliongeza neno lingine. Nyuma ya miaka miwili ya kwanza watoto waligawanywa: wengi waliingia digrii ya pili ya kawaida ya miaka mitatu, na wachache waliochaguliwa waliingia ile ya miaka mine, ambayo iliwatayarisha kwa masomo ya sekondari. Wasichana walipewa zaidi kushona, kupika na kulea. Wazazi waliona kwamba mtoto wao anapimwa mapema, tena anawekewa mpaka.

III. Vita ya shule, 1954-1958

Mwaka 1954 watu wa Ubelgiji walichagua Bunge jipya. Wasosialisti na Waliberali walishika utawala, na Auguste Buisseret, Mliberali, akawa waziri wa Makoloni. Alituma komisioni Kongo kutazama shule, nayo ilirudi na maneno makali juu ya shule za misioni. Kisha alifungua kwa watoto Wakongo shule za Serikali zisizo chini ya misioni, katika miji mikubwa kama Léopoldville na Elisabethville. Ndani yake mzazi alichagua: mtoto afundishwe dini, ao afundishwe maadili bila dini.

Moto ulikuwa umewaka Ubelgiji vilevile. Sheria ya waziri Collard ya mwaka 1955 ilipunguza subsidi za shule za Kanisa, na Wakatoliki kwa maelfu waliandamana Brussels. Magazeti ya misioni katika Kongo yaliandika kana kwamba shetani amejenga shule. Wengine upande wa pili waliandika kana kwamba mapadri wameshika akili za watu katika minyororo.

Wazazi Wakongo je? Wengi walikwenda kuandikisha watoto katika shule mpya za Serikali, na kati yao walikuwamo Wakatoliki wa kweli waliokwenda Misa kila siku ya Mungu. Hawakuikimbia dini. Walitafuta Kifaransa, walitafuta diploma yenye nguvu sawa na ya Mzungu, walitafuta mlango wa pili. Mzee wetu akitaka kujua sababu ya shule ya Serikali kupendwa, asiitafute katika vitabu vya Buisseret. Aitafute katika programu ya mwaka 1948.

Mwezi wa saba mwaka 1956 kundi la Wakatoliki Wakongo wa Léopoldville, ambao padri Joseph Malula na Joseph Iléo walikuwa pamoja nao, walitoa manifesto yao katika gazeti Conscience africaine. Kati ya mengine waliomba kwamba magomvi ya vyama vya Ubelgiji yasiletwe kwetu kuwagawanya Wakongo. Walikuwa na haki. Wabelgiji wenyewe walipatana kwao kwa Mapatano ya Shule ya mwaka 1958, ambayo yakawa sheria tarehe 29 mwezi wa tano mwaka 1959: pande zote mbili zipate feza ya Serikali, na mzazi achague. Ugomvi wao ulikwisha. Kwetu uliacha kovu, maana Wakatoliki wengi walibaki na mawazo kwamba shule ya Serikali ni adui.

Wakati huo huo vyuo vikubwa viwili vilifunguliwa: Lovanium ya Kanisa mwaka 1954, na chuo cha Serikali huko Elisabethville mwaka 1956. Miaka mine nyuma ya kile cha pili, tarehe 30 mwezi wa sita mwaka 1960, inchi ilipata uhuru, na Wakongo wenye diploma ya chuo kikubwa walikuwa wachache mno. Hivyo ndivyo vita ya wakubwa inavyopoteza wakati wa watoto.

IV. Shule zachukuliwa, shule zarudishwa

Nyuma ya uhuru misioni ziliendelea kuongoza shule nyingi, na mwaka 1967 Serikali iliweka Egzameni ya Taifa, kusudi diploma ya sekondari iwe moja kwa inchi nzima. Hilo lilikuwa jambo jema: mtoto wa misioni na mtoto wa Serikali walijibu maswali yale yale.

Kisha ikaja siku ya nguvu. Mwaka 1971 Serikali ya Mobutu iliunganisha vyuo vikubwa vyote katika chuo kimoja. Mwaka 1972 ilitaka vijana wa chama waingie mpaka ndani ya seminari. Maaskofu walikataa, na Kardinali Malula alikaa uhamishoni Roma kwa miezi kadhaa. Mwisho wa mwaka 1974 Serikali ilitangaza kwamba shule zote za dini zimekuwa zake. Somo la dini lilitolewa, na mahali pake pakawekwa mafundisho ya siasa ya chama.

Hapo Serikali ilikuwa na kila kitu: majengo, programu, walimu, funguo. Lakini kuamuru shule si kuiongoza. Vitabu vilikosekana, majengo yalianza kuharibika, na wakubwa wenyewe waliona kwamba hawawezi. Tarehe 26 mwezi wa pili mwaka 1977 walifanya mkataba na Kanisa Katoliki, Waprotestanti na Wakimbangu. Waislamu walijiunga nyuma. Serikali ilishika programu, diploma, inspeksioni na mishahara. Makanisa yalipewa kuongoza shule kila siku. Hizo ndizo shule ambazo watu huziita konvansione. Sheria ya tarehe 22 mwezi wa tisa mwaka 1986 na ile ya tarehe 11 mwezi wa pili mwaka 2014 zimefuata njia hiyo.

Hapa naomba msomaji asimame kidogo. Kadiri ya sheria, shule ya konvansione ni shule ya Serikali. Si shule ya binafsi ya diosezi, wala ya paroko. Serikali ndiyo yenye kuilipa, na Kanisa limepewa kuichunga kwa niaba ya watu wote. Basi anayetetea shule ya Serikali leo hatetei kitu cha Buisseret. Anatetea shule ile iliyo pembeni ya kanisa lake, pamoja na ile isiyo ya dini iliyo ngambo ya barabara.

V. Mzazi anakuwa Serikali

Mkataba ulikuwa mzuri, feza ikakosekana. Katika miaka ya 1980 Serikali, ikibanwa na madeni ya inje, ilipunguza matumizi ya masomo. Mwanzo wa miaka ya 1990 mshahara wa mwalimu haukununua hata mfuko wa unga, na walimu waliacha kalasi. Shule zilifungwa kwa miezi. Ndipo wazazi na wakubwa wa shule, pamoja na Maaskofu, walipatana: wazazi watoe kitu kidogo juu ya kumtia mwalimu moyo, mpaka Serikali itakapoamka. Jina lake likawa primu.

Hatuwezi kuwalaumu waliofanya hivyo. Bila primu, kizazi kizima kingebaki bila kusoma. Lakini dawa ya mgonjwa iligeuka kuwa chakula cha kila siku. Juu ya primu yakaja malipo mengine: ya ofisi, ya egzameni, ya matengenezo. Na feza hiyo haikubaki yote kwa mwalimu. Sehemu yake ilipanda toka shule mpaka ofisi za juu, za Serikali na za Makanisa pia, nazo zikazoea kuishi kwayo. Watoto waliofukuzwa kalasini kwa kukosa minervali walikuwa wakilisha ofisi zilizotumwa kuwalinda. Mara nyingi, jamaa ilipokuwa na feza ya mtoto mmoja tu, kijana alibaki shuleni na dada yake alirudi nyumbani.

Mwandishi wa ukurasa huu alirudishwa nyumbani vile mara tatu katika mwaka mmoja. Nakumbuka direkta akisoma majina, na sisi tukitoka mmoja mmoja. Direkta hakuwa mtu mubaya. Yeye mwenyewe alikuwa na deni la kupeleka juu.

VI. Bure ya mwaka 2019

Katiba ya mwaka 2006 ilikuwa imesema bure, lakini miaka mine ilipita kabla ya Serikali kuanza, mwaka 2010, kupunguza malipo kalasi kwa kalasi, na miji ya Kinshasa na Lubumbashi iliachwa inje kwanza. Mwezi wa tisa mwaka 2019 rais Félix Tshisekedi aliamuru kwamba masomo ya msingi katika shule za Serikali yawe bure inchi nzima.

Watoto walikuja kama maji ya mvua. Kalasi zilizokuwa na wanafunzi 50 zilipata 100 na zaidi. Wengine walikaa chini, wengine dirishani. Hilo peke yake ni ushuhuda: watoto hao hawakuwa wavivu, walikuwa wamezuiwa na feza.

Mwaka 2020 Banki ya Dunia ilikubali kutoa dola milioni 800 juu ya kazi hiyo, kisha ikazuia sehemu yake kwa sababu ya mashaka juu ya namna feza ya walimu ilivyotumiwa. Walimu wengi walikuwa kazini bila kuandikwa katika orodha ya mishahara. Kabla ya hapo waliishi kwa primu, sasa primu imekatazwa na mshahara haujafika. Mwaka 2021 walimu wa shule za Katoliki katika majimbo mengi waligoma kwa majuma kazaa. Watu wengine walisema: «Mnaona, bure haiwezekani.» Sisi tunasoma historia kwa namna nyingine. Neno la mwaka 2019 ni la haki, lakini limekutana na kilema kile kile cha mwaka 1906: aliyeamuru hakuwa ametayarisha mshahara wa mwalimu.

VII. Inatupasa kufanya nini?

Kwanza, kusoma sheria. Katika parokia ngapi inapatikana sheria ya mwaka 2014? Tunajua kutafuta kanuni ya Kanisa juu ya ndoa; tujue pia kutafuta kifungu juu ya masomo. Kila mwaka, masomo yanapoanza, guverneri wa jimbo anatia sahihi amri juu ya malipo yanayokubaliwa. Amri hiyo ibandikwe mlangoni mwa shule na mlangoni mwa kanisa, kusudi mzazi asiyejua Kifaransa aelezwe kwa Kiswahili ni nini anachodaiwa kwa haki, na nini si haki.

Pili, kuhesabu. Direkta, paroko na komiti ya wazazi waandike pamoja: wanafunzi wangapi, madawati mangapi, walimu wangapi wanaolipwa, wangapi wasiolipwa na toka mwaka gani. Karatasi moja yenye hesabu ya kweli ina nguvu kuliko hotuba kumi. Ipelekwe kwa inspekta, kwa mkubwa wa shule za diosezi, na kwa mbunge wa mahali wakati budjeti inapozungumzwa, siyo wakati wa uchaguzi tu.

Tatu, kuanza nyumbani mwetu. Ikiwa ofisi yetu inapokea kitu kilichotoka mfukoni mwa mzazi kinyume cha sheria, tukiache kwanza, kisha tuiambie Serikali ilipe. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika tangazo lake la tarehe 28 mwezi wa kumi mwaka 1965 juu ya malezi, uliwaita wazazi walezi wa kwanza, ukaiomba Serikali igawe feza yake kwa haki, kusudi mzazi achague shule kwa uhuru. Mzazi asiye na feza hawezi kuchagua kitu. Wala hatuwezi kumdai Kaisari kwa mkono mmoja na kumkamua mzazi kwa mkono wa pili.

Ine, kutotengana. Mwaka 1929 tulipokea peke yetu, na Waprotestanti walibaki inje. Mwaka 1954 tulipigana na shule ya jirani. Mara zote mbili mtoto ndiye aliyepoteza. Leo mwalimu asiyelipwa wa konvansione Katoliki, wa Kikimbangu, wa Kiislamu na wa shule isiyo ya dini wana njaa moja. Wakiomba pamoja, watasikiwa.

Wasomaji wapendwa, sheria za masomo katika Kongo si chache, na nyingi ni nzuri. Zilichokosa ni wachungaji. Kesho, katika parokia fulani, mtoto atasimama mlangoni mwa kalasi asijue kama anaruhusiwa kuingia. Inafaa padri wa mahali pale awe amesoma kifungu cha 43, na awe na karatasi ya hesabu mkononi.